Uzi: Ile namba ndefu ya umeme kwenye bili za Uingereza, ni ya nini na utaipata wapi kama huna bili

#1 MgosiReading

Wakuu, habari za wikiendi.

Kwenye kundi letu la hapa Reading watu watatu wamekwama mahali pamoja ndani ya mwezi huu. Kampuni ya umeme inawadai "supply number", wao wanaenda kwenye kabati la mita, wanasoma namba iliyochapwa kwenye mita, wanaitaja kwenye simu, wanaambiwa siyo hiyo. Nimeona niandike kwa urefu, kwa sababu namba hii ilinitesa miezi minane na sitaki ndugu mwingine apite nilikopita.

Kuchanganyikiwa kwetu kunaanzia tulikotoka. Tanzania ukishataja namba ya luku umemaliza kila kitu. Tarakimu 11 za mita ndizo unazoingiza ukinunua umeme kwa simu, ndizo mwenye nyumba anazokuandikia kwenye kikaratasi siku ya kukukabidhi funguo, na tokeni ya tarakimu 20 inayorudi inakubaliwa na mita hiyo tu. Kwa hiyo vichwani mwetu mita na nyumba ni kitu kimoja.

Huku ni tofauti. England, Scotland na Wales, kila mahali ambapo waya wa mtandao wa umeme unaingia kwenye nyumba au fleti pamepewa namba yake. Jina lake rasmi ni MPAN, kwenye bili utaona Supply Number, na wengine huiita S number kwa sababu ya herufi S kubwa inayochapwa pembeni yake. Namba hiyo haifuati mita. Mafundi wanaweza kuja leo, wakang'oa mita ya zamani na kufunga mita janja, namba ikabaki ileile. Haikufuati wewe, ukihama unaiacha hapohapo. Wala haiifuati kampuni, badilisha kampuni kila mwaka ukipenda, yenyewe haigusiki. Ichukulie kama namba ya kiwanja na kitalu. Nyumba itabomolewa, mmiliki atauza, mpangaji ataondoka, lakini kiwanja kinaendelea kujulikana kwa namba ileile.

Sasa chukua bili yako, ya karatasi au ya kwenye simu. Mara nyingi namba iko ukurasa wa pili au wa nyuma, karibu na maelezo ya bei na matumizi. Kwenye bili za mtindo wa zamani kuna kisanduku chenye S kubwa kushoto na mistari miwili ya tarakimu. Ukizihesabu zote ni 21, yaani 8 juu na 13 chini. Wakikuuliza namba yako, karibu kila mara wanataka zile 13 za chini. Bili nyingi za sasa hazina kisanduku, zinaandika zile 13 tu.

Mstari wa juu ni habari za kibiashara. Tarakimu 2 za mwanzo zinasema wewe ni mteja wa aina gani: 01 ni nyumba ya kuishi yenye bei moja saa zote, 02 ni nyumba yenye umeme wa bei nafuu usiku, ule mpango wa Economy 7. Ukikuta 03 au 04 na hapo mnaishi familia, piga simu uulize, kwa sababu hayo ni makundi ya biashara. Tarakimu 3 zinazofuata zinaeleza aina ya mita, na 3 za mwisho zinahusu gharama za njia ya umeme pamoja na umeme unaopotea njiani. Mteja wa kawaida hana haja ya kuzikariri.

Mstari wa chini ndio wenyewe. Tarakimu 2 za kwanza zinataja eneo la usambazaji. Zinaanzia 10 na kuishia 23, maeneo 14. London ni 12. Sisi wa Reading, pamoja na Slough na Oxford, ni 20. Leicester na Milton Keynes ni 11, Birmingham 14, Liverpool 13, Manchester 16, Leeds 23, Newcastle 15, Norwich 10, Brighton 19, Cardiff 21, Bristol 22, Glasgow 18, Aberdeen 17. Maeneo hayo ni ya tangu enzi umeme ulipokuwa mali ya serikali, England na Wales zikiwa na bodi 12 na Scotland maeneo 2. Bodi zikauzwa kuanzia 1990, na kati ya Septemba 1998 na Mei 1999 kila nyumba ikapewa uhuru wa kuchagua kampuni ya kununua umeme. Hapo ndipo namba hii ilipopata kazi. Kampuni nyingi zikiuza umeme kwenye waya mmoja, lazima kuwe na njia ya kusema huu unaotumika pale ni wa mteja wa nani.

Ndiyo maana ikikosewa, unalipa umeme wa mtu mwingine. Yaliyonikuta nayaandika hapo chini, ngoja nipate chai kwanza.

#2 Mama Nasra

Shukrani kaka. Mimi niko Leicester, natumia mita ya kulipia kabla, ile ya ufunguo ninaopeleka dukani kujaziwa. Sijawahi kuona bili. Namba yangu niitafute wapi? Ufunguo hauna tarakimu 13.

#3 MgosiReading

Dada Mama Nasra, namba unayo, ila haijaandikwa mbele ya macho yako. Kampuni inayokuuzia umeme inapaswa kukutumia taarifa ya mwaka hata kama unalipia kabla, na namba huwa humo. Tafuta kwenye barua au baruapepe. Ukikosa, ingia kwenye akaunti yako ya mtandaoni, au wapigie uwaambie unataka "MPAN", utamke herufi moja moja.

Kama hata kampuni huijui, kwa mfano ndio umehamia, waulize wenye mtandao wa waya wa eneo lako. Hao si wauzaji. Wauzaji ni wengi, mwenye waya kwenye eneo ni mmoja. Kwako Leicester ni National Grid Electricity Distribution. London, kusini mashariki na mashariki ya England ni UK Power Networks. Huku kwetu na kaskazini ya Scotland ni SSEN. Ukiwapa postikodi na anwani kamili wanakutajia namba na jina la kampuni inayouza umeme hapo, na baadhi yao wana ukurasa wa kuitafuta mwenyewe. Hulipi kitu.

Jambo moja muhimu kwa wa ufunguo. Ukihamia nyumba na kukuta ufunguo wa mpangaji aliyepita juu ya mita, usiujaze. Ufunguo ule umefungamana na akaunti yake, na kama alikuwa na deni, pesa yako itaanza kukatwa kulipa deni lake. Ipigie kampuni, wape tarehe uliyoingia, uombe ufunguo wako.

#4 Mama Nasra

Haya ya ufunguo nilikuwa siyajui, na nimehamia hapa tangu Agosti. Kesho asubuhi napiga simu. Nitarudi kuleta majibu.

#5 Nyali

Ndugu yangu, asante kwa somo. Sisi wa Mombasa stima ilikuwa ni kununua tokeni kwa simu na kuingiza namba ya mita, kwa hivyo nimekuelewa sana hapo mwanzo. Swali langu: kwenye bili yangu kuna namba nne. Kuna account number, kuna MPAN, kuna MPRN, na kuna nyingine yenye herufi na tarakimu. Ipi ni ipi? Nilipojaza fomu ya kubadilisha kampuni nilipata makosa mara mbili.

#6 MgosiReading

Ndugu Nyali, hapo ndipo wengi wanapojikwaa.

Account number ni yako na kampuni hiyo tu. Ukihama kampuni inakufa. MPAN ni ya umeme, tarakimu 13. MPRN ni ya gesi, tarakimu 6 hadi 10, nayo kazi yake ni ileile ya MPAN ila kwa bomba. Ile yenye herufi na tarakimu ni namba ya mita yenyewe, inayoitwa serial number. Hiyo ndiyo pekee kati ya hizo nne ambayo unaweza kwenda kabatini ukaiona imechapwa kwenye chuma, kwa kawaida karibu na mistari ya msimbo wa kusomwa na mashine.

Hii serial number usiidharau kwa sababu siyo inayoulizwa. Ndiyo iliyoniokoa. Bili inaandika serial number ya mita wanayodhani ni yako. Kabati lina mita uliyonayo kweli. Zikilingana, una amani. Zisipolingana, kuna kosa kwenye kumbukumbu zao, na kosa hilo linakula pesa ya mtu.

#7 ChuoCardiff

Wakuu, mimi mwanafunzi, nimepanga chumba kwenye nyumba ya watu sita. Mwenye nyumba ameweka kimita kidogo nje ya kila mlango, anakuja kila mwezi kusoma na kutudai. Nataka kuhamia kampuni nafuu. Nikipiga simu naambiwa anwani ya "Room 4" haipo. Je, chumba changu hakina namba?

#8 MgosiReading

Mdogo wangu, hakina, na hakitakuwa nayo kwa mpangilio huo. Namba ni ya mahali waya wa mtandao unapoingia kwenye jengo. Nyumba yenu nzima ina mahali pamoja pa kuingilia, kwa hiyo ina MPAN moja, na mkataba wake ni wa mwenye nyumba. Vimita vya milangoni ni vyake mwenyewe vya kugawia gharama. Wewe peke yako huwezi kubadilisha kampuni ya chumba.

Ila una haki nyingine ambayo wanafunzi wengi hawaijui. Ofgem, wasimamizi wa umeme na gesi, wameweka kikomo: mwenye nyumba anayewauzia wapangaji umeme haruhusiwi kuutoza kwa bei iliyozidi ile aliyonunulia. Mwombe akuonyeshe bili yake na hesabu alivyogawanya. Muombe kwa maandishi na kwa adabu, baruapepe ndiyo nzuri zaidi kwa sababu inabaki. Mkienda mkiwa sita pamoja ni bora kuliko kwenda peke yako.

Kwa mpangaji wa fleti nzima yenye mita yake na anayelipa bili mwenyewe kwa jina lake, habari ni nyingine. Huyo ana haki ya kuchagua kampuni.

#9 WaBelfast

Niongeze la huku kwetu maana kila uzi wa Uingereza unatusahau. Ireland Kaskazini hakuna MPAN. Namba ya umeme inaitwa MPRN, ndiyo, jina lilelile ambalo kwenu ni la gesi. Ina tarakimu 11 na inaanza na 81. Mwenye waya ni NIE Networks. Nilipohamia kutoka Manchester nilimtajia mtu wa huduma kwa wateja MPAN, tukazungushana nusu saa. Na ukivuka mpaka kwenda Jamhuri ya Ireland, ni MPRN vilevile, tarakimu 11, ila inaanza na 10.

#10 MgosiReading

Ahsante sana mkuu, hilo lilihitaji mtu wa huko. Naomba wote wanaopita hapa walisome.

Sasa niandike yangu.

Nilihamia Reading kwenye nyumba ya zamani iliyokatwa fleti tatu. Mkataba wa kupanga uliandika "Flat B". Kengele ya mlangoni iliandikwa 2. Mimi niko ghorofa ya kwanza. Nilipojiunga na kampuni ya umeme kwa mtandao, niliandika postikodi, ikaja orodha ya kuchagua: Ground Floor Flat, Flat 2, Top Floor Flat. Flat B haikuwepo. Nikachagua Flat 2 kwa sababu ya kengele. Baadaye sana ndipo nilijua kwamba kwenye kumbukumbu za umeme Flat 2 ni fleti ya juu yangu, na yangu ilikuwa imeandikwa kwa jina lingine kabisa, lililoanza na namba ya nyumba na herufi A, sehemu nyingine ya orodha ambako sikufika.

Mfumo haukuuliza zaidi. Ulichukua MPAN iliyofungamana na jina nililobofya, na kuanzia siku hiyo umeme wa mzee mmoja anayeishi juu yangu ukawa unaandikwa kwenye akaunti yangu. Yeye ana mita janja inayotuma usomaji yenyewe, kwa hiyo hakuna aliyewahi kuniomba nisome mita. Kila kitu kilionekana kwenda vizuri. Kampuni yake ya zamani ilimwandikia barua ya kumuaga, akadhani ni matangazo.

Bili zilinishangaza. Naishi peke yangu, joto la nyumba linatoka kwenye gesi, napika kwa gesi. Lakini umeme ulikuwa mkubwa kuliko wa rafiki yangu mwenye watoto wanne. Nikaanza kujishuku. Nikabadilisha taa zote. Nikaacha kutumia birika la umeme. Nilifika mahali nakaa gizani jioni na kumulika kwa simu.

Desemba nikaenda Tanga kumzika mama mkubwa, nikakaa wiki tano. Kabla ya kuondoka nilizima kila kitu isipokuwa friji. Niliporudi nikafungua bili ya kipindi kile: matumizi yamepanda. Nyumba tupu, umeme umepanda. Yule mzee huongeza hita za umeme wakati wa baridi kali, na mimi niliyekuwa msibani Tanga ndiye niliyekuwa namlipia.

Usiku huo nikachukua tochi, nikashuka kwenye kabati la mita chini ya ngazi. Mita tatu. Nikasimama na bili mkononi nikilinganisha tarakimu moja moja. Serial number ya kwenye bili yangu ilikuwa kwenye mita ya kulia. Waya wa fleti yangu unatoka kwenye mita ya kati. Nililihakikisha kwa njia hii: nilipanda juu, nikazima swichi kuu ya ndani ya fleti yangu, nikashuka tena. Taa nyekundu ya mita ya kati ilikuwa imeacha kupepesa. Ya kulia iliendelea.

Na zile barua za "The Occupier"! Tangu nihamie zilikuwa zinaletwa, nikiziweka kwenye rafu ya ngazini bila kuzifungua kwa kuwa hazikuwa na jina langu. Zilikuwa za kampuni nyingine, ile iliyokuwa inauza umeme kwenye fleti yangu halisi, ikimtafuta mtu anayeutumia. Wakuu, kwa nchi hii barua yenye neno hilo na anwani yako ni barua yako. Ukishahamia tu na kuwasha taa, kisheria una mkataba na kampuni uliyoikuta pale hata kama hujasaini kitu. Ifungue.

#11 Nyali

Pole sana ndugu, na pole kwa msiba. Ulirudishiwa pesa zako?

#12 MgosiReading

Nilirudishiwa, lakini si kwa simu moja.

Kampuni niliyokuwa nailipa ilianza kwa kuniambia kwamba akaunti iko sawa kwa kuwa usomaji unaingia vizuri kutoka kwenye mita. Hapo ndipo nilipojifunza kutozungumza habari ya bili kubwa. Ukisema bili ni kubwa, unajibiwa kuhusu matumizi, unashauriwa kuzima taa. Sema hivi: "MPAN iliyo kwenye akaunti yangu siyo ya anwani yangu." Sentensi hiyo inakuhamisha kwenda kwa watu wengine kabisa. Wanaliita jambo hilo erroneous transfer, yaani nyumba ya mtu imehamishwa kimakosa, na wana utaratibu wake.

Kabla ya kupiga tena nilipata MPAN yangu sahihi kutoka kwa wenye waya. Niliwapa anwani na serial number ya mita ya kati, nikaomba waniambie mita hiyo iko chini ya MPAN ipi na anwani imeandikwaje. Nikapiga picha za mita zote tatu, moja ikionyesha kabati lote, na ya kila mita kwa karibu serial number ikisomeka pamoja na usomaji wa siku hiyo. Nikapanda kwa mzee, nikabisha hodi, nikamweleza. Alikuwa na haki ya kujua, na bila yeye jambo lisingekwisha, kwa sababu mita ni yake.

Mzee wa watu aliogopa atadaiwa miezi minane kwa mkupuo. Tukakaa naye na mwanawe mezani, tukapangilia. Kampuni yake ya zamani ilimrudisha kama alivyokuwa. Mimi nikarudishiwa nilicholipa, nikalipa deni la fleti yangu kwa ile kampuni ya barua, ambalo lilikuwa chini ya nusu ya pesa nilizokuwa nimetoa.

Kwa atakayekwama, shika haya mawili. Malalamiko yapeleke rasmi, useme neno complaint, upewe namba ya kumbukumbu na uandike tarehe. Kwangu mimi muda wa kusubiri ulikuwa wiki 8, baada ya hapo unaruhusiwa kwenda kwa Energy Ombudsman, ambaye halipwi na mteja. Mimi walimaliza wiki ya saba. La pili, kanuni ya Ofgem ya tangu Mei 2018: kama kampuni ndiyo iliyokosa kukuletea bili sahihi, haiwezi kukudai umeme uliotumia zaidi ya miezi 12 nyuma. Kama kosa ni lako, kwa mfano ulimzuia msomaji wa mita, kinga hiyo huna.

#13 FundiTakwimu

Mkuu umeeleza vizuri. Niongeze kitu kwa wanaopewa namba kwa simu na wasiamini masikio yao. Tarakimu ya 13 haibuniwi, inatokana na zile 12 zinazoitangulia. Kila moja ya zile 12 unaizidisha na namba yake kwa mpangilio huu: 3, 5, 7, 13, 17, 19, 23, 29, 31, 37, 41, 43. Angalieni kwamba 11 imerukwa. Jumlisha majibu yote, gawanya jumla kwa 11, chukua baki. Baki hilo ndilo tarakimu ya mwisho, na kama baki ni 10 inaandikwa 0.

Mfano wa kubuni, nimeanza na 99 ili isiwe ya nyumba ya mtu kwenye yale maeneo 14: 99 1234 5678 90. Ukizidisha unapata 27, 45, 7, 26, 51, 76, 115, 174, 217, 296, 369 na 0. Jumla 1403. Ukigawanya kwa 11 unapata 127 na baki 6. Kwa hiyo namba kamili ni 99 1234 5678 906. Mtu akikutajia inayoishia na 905, amekosea au umesikia vibaya.

#14 MgosiReading

Nimejaribu na yangu kwenye kikaratasi, imekubali. Hii ingenisaidia sana, maana kuna siku niliandika 15 badala ya 50 kwenye simu, fifteen na fifty zinafanana mno masikioni.

Ila tukumbushane, hesabu hiyo inathibitisha kwamba namba imeandikwa sawasawa, haithibitishi kwamba ni ya nyumba yako. MPAN niliyokuwa nayo miezi minane ingepita mtihani huo bila shida. Ilikuwa namba halali ya mzee wa juu.

#15 TopeLaMilton

Yangu inaanza na 26. Niko mtaa mpya kabisa, nyumba za mwaka juzi. Nimetapeliwa?

#16 MgosiReading

Hapana mkuu, usiwe na wasiwasi. Mitaa mipya mingi waya zake zimewekwa na wasambazaji binafsi wadogo, na hao wamepewa namba kuanzia 24 kwenda juu. Unahama kampuni kama mtu mwingine yeyote, ila ukitaka kuulizia MPAN kwa mwenye waya, muulize huyo wa kwenu, yule mkubwa wa eneo huenda asikuone. Umeme ukikatika piga 105, ni bure, watakuunganisha na anayehusika.

Wenye sola juu ya paa nao wasishtuke wakikuta namba mbili. Moja ni ya umeme unaoingia, nyingine ni ya umeme unaourudisha kwenye mtandao na kulipwa. Kwenye fomu ya kubadilisha kampuni ya kununua umeme unaandika ile ya kuingia.

Na tafadhali, nimeona mtu amebandika bili nzima kwenye kundi la WhatsApp akiomba msaada. Futa. Jina, anwani na MPAN kwa pamoja vinamtosha mtu mwenye tamaa ya kamisheni kuanzisha uhamisho ambao hukuuomba. Anayebisha hodi mlangoni na kibao mkononi akitaka "kuangalia bili yako tu", usimpe. Ukitaka msaada hapa, funika tarakimu za katikati.

#17 Mama Nasra

Nimerudi kaka. Nimepiga simu leo, nimesubiri dakika arobaini, nimepata. Inaanza na 11 kama ulivyosema. Yule binti wa kwenye simu alikuwa na subira, akanirudia tarakimu mara mbili, na mume wangu akafanya ile hesabu ya FundiTakwimu mezani, imetoka sawa. Serial number aliyonisomea ndiyo iliyoko kwenye mita yangu.

Lakini ufunguo, kaka, ulikuwa bado wa mpangaji wa zamani. Kuna deni la watu nimekuwa nikikatwa kidogo kidogo kila nikijaza, tangu Agosti. Wamesema niwatumie mkataba wa nyumba unaoonyesha tarehe niliyoingia, watapiga hesabu wanirudishie. Ufunguo mpya unakuja kwa posta.

#18 MgosiReading

Dada, nimefurahi kuliko nilivyofurahi siku ya kurudishiwa zangu. Leo hii kabla hujalala piga picha mita pamoja na salio lake, na utunze risiti za dukani kama unazo. Wakikuuliza ulijaza lini na lini, uwe na cha kuonyesha.

#19 Mama Nasra

Risiti ninazo zote, zimo kwenye kopo la majani ya chai. Namba nimeiandika kwa kalamu nyuma ya mlango wa kabati la mita, na nimemwachia mwenye nyumba ujumbe kwamba atakayekuja baada yangu aikute pale.